Mwaka wa Vitovu Viwili

Tulipokutana tena mwaka huu, sisi tuliohitimu pamoja, Aika aliwasimulia wenzetu habari ya vitovu vyetu kabla hata nyama haijaiva. Tulikuwa kwenye bustani moja hapa Usa River, watu wa makamo wenye miwani ya kusomea na dawa za presha mikobani, naye alikuwa amesimama katikati ya viti na glasi mkononi, akionyesha jinsi mama mwenye nyumba wetu alivyokuwa akinisindikiza kwa macho akiamini nina mimba. Watu walicheka hadi wengine wakajifuta machozi. Nami nilicheka. Aika anajua kusimulia. Tangu zamani kila kitu kikipita mikononi mwake hupungua uzito. Lakini huishia pale pale kwenye mimba, kila mara. Yaliyofuata hayasemi. Nilipokuwa narudi nyumbani jioni ile, Mlima Meru ukiwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni, niligundua kwamba sikuwa nimekasirika kwa kufanywa kichekesho mbele ya watu. Nilikuwa namwonea wivu kwa kuusahau mwaka mzima kirahisi namna ile.

Neno wivu nalitumia nikijua uzito wake. Haukuwa wivu wa mwanaume, maana mwaka ule hakuna mwanaume aliyekuwa na maana kubwa kwa yeyote kati yetu. Wala haukuwa wivu wa masomo, kwa kuwa katika mitihani nilikuwa mbele yake bila taabu. Ulikuwa wivu wa ngozi. Nilimwonea mwenzangu wivu kwa namna mwili wake ulivyopona. Sasa mimi ni mtu mzima, nimeshaonja wivu wa vyeo, wa nyumba, wa watoto wa watu wanaosalimia vizuri, na bado sijakutana na uliokuwa safi kama ule. Wivu wa mali una tumaini ndani yake. Mtu hujiambia kwamba akijitahidi naye atapata. Lakini utajiambia nini unapomtazama mtu aliyelala usingizi wa asubuhi, mdomo wazi, huku kidonda chake kikijifunga chenyewe bila kumsumbua?

Tulikuwa mwaka wa pili wa chuo, tumepanga chumba kule Makumira, nyuma ya nyumba ya Mama Anaeli, Mmeru mwenzangu, mzee wa kanisa na mwimbaji wa kwaya ya akina mama. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya mbao vilivyoachana kwa upana wa ndoo, dirisha moja lililotazama migomba, na kona ya kupikia yenye jiko la mchina lililotia harufu ya mafuta ya taa hata kwenye shuka zetu. Maji tuliteka bomba la uani. Aika alikuwa Mchaga na Mkatoliki, mimi Mlutheri, kwa hiyo Jumapili tuliachana mlangoni, yeye akienda misa, mimi nikienda kuimba, kisha mchana tukakutana tena kwenye sufuria ya ndizi na maharage. Alipika vibaya na kula vizuri. Nilipika vizuri na kula kwa wasiwasi, nikijishika kiuno kila nilipoongeza kijiko.

Wazo la kutoga kitovu lilikuwa langu. Nalisema hilo kwa sababu Aika huwaambia watu kwamba tuliamua pamoja. Nilikuwa nimemwona msichana mmoja maktabani akinyoosha mkono kuchukua kitabu cha rafu ya juu. Blauzi yake ilipanda, kitu kikang'aa tumboni mwake kwa muda mfupi kabisa, kisha akaendelea na shughuli zake. Sikulala vizuri siku hiyo. Nilikuwa binti ambaye kila kitu chake kilijulikana: sauti yangu ilijulikana kwenye kwaya, alama zangu zilijulikana kwenye ubao wa matangazo, hata saa yangu ya kurudi ilijulikana kwa Mama Anaeli. Nilitaka kitu kimoja kilicho changu, kilichofichwa chini ya nguo, kizuri bila kumnufaisha mtu. Mwaka ule sikuomba kingine. Nilipomweleza Aika, kwa maneno mengi na aibu nyingi, aliniambia kwamba na yeye atatoga, kama mtu anayesema na yeye atakunywa chai.

Tulikwenda saluni moja mjini, mtaa wa Daraja Mbili, chumba chenye pazia la shanga na dada mwembamba aliyefungua sindano mpya mbele ya macho yetu, moja kwa kila mmoja. Wazo lilikuwa langu na woga pia ulikuwa wangu, hivyo Aika akatangulia kulala. Sindano ilipokuwa inapita, alikuwa anauliza kama lile banda la ng'ambo ya barabara huwa linakaanga chipsi au ni mihogo tu. Ilipofika zamu yangu niliuma ncha ya kanga mpaka nikaitoboa. Dada alitufuta, akatupa kioo kidogo, na kwa dakika chache tulikuwa sawa kabisa: vipini viwili vya aina moja, vyenye kishanga cha fedha juu na chini, kwenye matumbo mawili ya wasichana wa umri mmoja. Maelekezo yake yalikuwa machache. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, asubuhi na jioni, kwa mikono iliyonawa. Tusikizungushe kipini, tusipake kitu chochote, tusivae nguo ya kubana. "Halafu mkiache kipone chenyewe," alisema. "Kitovu kina miezi yake. Ukikisumbua kinakusumbua."

Mimi sikuweza kukiacha. Kila asubuhi niliamka kabla ya Aika, nikachemsha maji kwenye sufuria ndogo niliyoitenga kwa kazi hiyo, nikatia chumvi, nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikasubiri yapoe, nikachovya kitambaa safi na kukiweka tumboni mpaka vigaga vikalainika. Jinzi zangu niliziweka chini ya godoro, nikashinda kwenye madera mapana. Nililala chali kama maiti. Na kwa kuwa maji ya chumvi yalionekana dawa ya kimaskini mno kwa jambo kubwa namna ile, nilinunua spiriti, nikawa nadondosha matone kila baada ya kuosha, nikikunja vidole vya miguu kwa uchungu na kuamini kwamba uchungu ule ndio kupona kwenyewe. Aika alitumia maji yangu yaliyobaki, akikumbuka. Akisahau, alisahau. Alivaa jinzi yake ile ile, alilala kifudifudi, na siku darasa lilipokwenda kuogelea kwenye chemchemi za upande wa Boma Ng'ombe, alitumbukia na wenzake mpaka shingoni wakati mimi nimekaa kwenye mizizi ya mti nikilinda viatu vyao. Jioni alirudi kitandani, akainua fulana na kunionyesha. Ngozi ilikuwa imetulia kuzunguka kipini, rangi moja na tumbo lote. Changu kilikuwa chekundu kwa juu, kimevimba kama kimeumwa na nyuki, na kilitoa ute wa njano ulionata kwenye dera.

"Labda damu yako ni ya moto," aliniambia, akimaanisha kunifariji.

Nilitamani aone usaha. Sikumtakia ugonjwa, wala kovu. Nilichotamani ni usaha kidogo tu, wa asubuhi moja, ili nami nimwambie labda damu yako. Nilimtazama tumboni kila alipobadilisha nguo, nikijifanya natafuta kitana. Nilikuwa najua kitovu chake kuliko changu: jinsi kilivyokunjamana kidogo kwa kushoto alipocheka, jinsi kishanga cha juu kilivyokaa katikati kabisa kana kwamba kilizaliwa naye. Wakati mwingine alinikuta namtazama, akadhani nakisifia.

Habari ya mimba niliisikia kwa masikio yangu, nikiwa nimechuchumaa nyuma ya mlango wetu naosha vitambaa. Mama Anaeli alikuwa bombani na mama aliyetuletea maziwa, wakizungumza Kimeru kwa sauti ya watu wasiojua kunong'ona. Alikuwa anamweleza kwamba yule binti kila asubuhi anachemsha maji ya chumvi, anavaa madera, na akiinama anashika tumbo. Mama wa maziwa alisema basi imeshaingia hiyo. Kisha akauliza habari ya yule mwingine, Mchaga.

"Yule mtoto mzuri," Mama Anaeli alijibu. "Yule hana neno."

Mtoto mzuri wakati huo alikuwa kitandani, amelalia tumbo lake lenye kipini, anakula karanga. Nilimtafsiria niliyoyasikia, naye alicheka mpaka karanga zikamwagika sakafuni. Mimi sikuona la kuchekesha. Kwaya yetu ilikuwa inajiandaa kwa mashindano ya sharika baada ya Pasaka, na nilikuwa nimepewa kuanzisha wimbo peke yangu. Binti akishukiwa mimba nje ya ndoa huondolewa kwaya kwanza, maswali hufuata. Mchana ule Mama Anaeli aliniletea bakuli la loshoro, mahindi yaliyopondwa yakaungwa kwa maziwa ya mgando. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kitanda cha Aika na kunitazama nikila.

"Kula, mwanangu," alisema. "Mtu akiwa na jambo ni vizuri aseme mapema, kabla jambo lenyewe halijasema."

Nilimwambia sina jambo. Nilikula loshoro yote, nayo ilikuwa tamu, na kila tonge lilinisukuma tumbo kwenye kile kipini kilichokuwa kinawaka. Ningeweza kufunua dera pale pale na kumaliza mambo. Lakini mwimbaji kuwa na mimba ni dhambi inayofahamika, kanisa lina utaratibu wake, na baada ya muda mtu hurudishwa. Mwimbaji mwenye kipini kitovuni nilikuwa sijasikia, na sikujua huo utaratibu ungekuwa upi. Zaidi ya hayo, nikikionyesha kitakuwa si changu tena. Kitakuwa cha usharika mzima.

Ndipo nikafanya kosa ambalo nadhani lisingefanyika popote pengine. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na namna yake ya kufundisha pumzi. Kila mwimbaji alifungwa tumboni utepe wa kanga kuukuu, fundo likakaa juu ya kitovu, na alipovuta hewa ilibidi utepe ukaze. Mwalimu alipita kati ya mistari akitia kidole kwenye mafundo. Fundo likilegea alijua unapumulia kifuani, akakurudisha mwanzo. Baada ya jambo langu kuanza kuzungumzwa, niliona akina mama wakija kukaa nyuma wakati wa mazoezi, Mama Anaeli akiwa mmoja wao, na nikajua wanachotazama. Binti anayeogopa kufungwa tumbo ana sababu. Basi nikawa najifunga mwenyewe, mbele yao, kuliko wote. Nilikaza fundo juu ya kipini mpaka machozi yakanilenga, nikavuta hewa na kuanzisha wimbo. Walisema sauti yangu haijapata kuwa nzuri kama ilivyokuwa kipindi kile. Mwalimu aliwaambia wengine wanisikilize, wasikie mtu anayeimba kutoka ndani.

Nikirudi nyumbani nilikuta dera limegandana na kidonda, nikaliloanisha taratibu, kisha nikaongeza spiriti. Aika alinishikia taa ya chemli umeme ulipokatika. Alianza kunisihi twende zahanati, kwanza kwa mzaha, baadaye bila mzaha. Alisema kipini changu hakikai tena palipotogwa, kimepanda, kinaonekana chini ya ngozi kama waya. Nilimjibu kwamba yeye hana haki ya kusema, kwa kuwa hajui kuuguza kitu. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoniuma. Mimi niliyejua kuuguza nilikuwa nauguza kitu kinachokufa, naye asiyejua chochote alikuwa anapendeza.

Mwishowe nilikwenda, kwa sababu homa ilinipanda katikati ya kipindi cha mhadhara. Muuguzi wa zahanati, mama wa makamo, alinawa mikono, akafunua, akatazama bila kugusa. Aliniuliza nilichokuwa napaka. Nilipomtajia spiriti alitikisa kichwa. Alisema kila ngozi mpya ikiota nilikuwa naichoma, na nguo ya kubana ilikuwa inafanya kazi iliyobaki. Mwili umeshaamua kwamba kile ni mwiba, unakisukuma nje. Atanipa dawa ya kumeza, homa ikipungua nikitoe, la sivyo kitachana ngozi chenyewe. Nilimuuliza kama nikiacha spiriti, nikiacha kwaya, nikirudia maji ya chumvi peke yake, kipini kinaweza kubaki.

"Hapana, binti yangu," alisema. "Hiki kimeshakwisha."

Nilimuuliza tena kwa maneno mengine, akanipa jibu lile lile.

Nilikitoa Jumapili, baada ya ibada. Siku hiyo sikujifunga utepe. Nilimwambia mwalimu kwamba nina jipu, neno ambalo halikuwa mbali na ukweli, na nikaenda mwenyewe kwa Mama Anaeli nikamwonyesha bandeji na kumwambia hivyo hivyo. Alinitazama muda mrefu, akaniambia pole, na kwa uso wake nikaona ameaibika kidogo na kufarijika sana. Kisha nikaingia chumbani, nikanawa, nikafungua kishanga cha juu, nikavuta. Kilitoka bila ubishi, kama kilikuwa kinangoja kuruhusiwa. Nilikiosha kwa maji ya chumvi na kukiweka kwenye kisosi juu ya ndoo iliyofunikwa, katikati ya vitanda viwili, nikakaa nikikitazama. Jua la mchana lilikuwa limeingia kwa kupitia migomba, na jirani alikuwa anakaanga vitunguu.

Aika alirudi kutoka misa amevaa gauni lake la bluu lenye vifungo mbele. Aliona kisosi. Hakusema pole, jambo ambalo nilikuwa nimejiandaa nalo. Alivua viatu, akakaa kitandani kwake, akafungua vifungo vya katikati, na kabla sijaelewa anachofanya alikuwa amelegeza kishanga chake na kukivuta kipini. Alikiweka kwenye kisosi kando ya changu.

"Tulianza wote," alisema. "Basi tumalize wote."

Nilitazama tumbo lake. Palikuwa na vitobo viwili vidogo, vikavu, safi, ambavyo wiki moja baadaye visingeonekana hata kwa mtu aliyevijua. Mimi nilikuwa na kidonda kirefu kama punje ya mchele, na alama yake ninayo hadi leo. Alikuwa ananipa kitu alichokipenda, na alikuwa anakitoa kama anavyotoa kila kitu, bila jasho. Hata kupoteza alikuwa anapoteza vizuri kuliko mimi. Nilishikwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka.

"Kirudishe," nilimwambia.

"Sikitaki tena."

"Aika, kirudishe kabla tundu halijaziba."

"Mimi nitavaaje, na wewe umekaa hapo na bandeji? Nitakuwa nakuonyesha?"

"Nionyeshe. Ndicho ninachotaka. Ukikitoa mimi nabaki na kovu, na wewe unabaki na sifa ya kunihurumia. Utakuwa umenishinda mara mbili."

Alinitazama kana kwamba nimevua nguo mbele yake. Alikuwa mtu mwepesi, lakini hakuwa mjinga.

"Naomi," alisema polepole. "Kumbe una wivu na mimi."

"Ninao," nilisema. "Tena mwingi. Kirudishe niendelee nao."

Alichukua kipini chake na kujaribu, na hakikuingia. Ngozi ilikuwa imeshaanza kujibana, upesi kama ilivyofanya kila kitu upesi. Alijaribu tena, akakosea mwelekeo, akasema ah, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane niliona kitu kikimshinda. Nikaondoka kitandani kwangu. Niliwasha jiko, nikachemsha maji, nikatia chumvi kwa kipimo changu, nikakitumbukiza kipini humo mpaka kikatakata, nikasugua mikono yangu kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Nilimwambia alale chali na aangalie dari.

Nilikuwa fundi wa kazi ile. Nilikuwa nimejifunza kila kitu kuhusu kitovu isipokuwa namna ya kuwa na kimoja kilichopona. Nililainisha kwa kitambaa cha uvuguvugu, nikaivuta ngozi kidogo kwa juu, nikatafuta njia kwa ncha, nikaipata, ikapotea, nikaipata tena. Aika alinishika mkono juu ya kiganja akaubana kwa nguvu. Tone la damu lilitokea, dogo na jekundu sana, nikalifuta. Aliniambia niende taratibu, inauma. Nilimwambia najua inauma. Nilisukuma bila kukimbilia, nikihisi ngozi yake ikikataa, kisha ikifikiri, kisha ikikubali, kama ambavyo yangu haikukubali hata siku moja, na kipini kikapita, nikafunga kishanga.

Alishusha pumzi, akauliza kama kimekaa sawa. Nilimwambia kimekaa vizuri mno, na ilikuwa kweli, na iliniuma.